Kipya kinyemi: risasi ya kawaida au iliyoboreshwa?

Mpwa wangu alinipigia simu wiki mbili zilizopita, jioni nikiwa ndio kwanza natoka kuswali Magharibi hapa Msambweni. Yeye yuko Tanzania, mwaka wa nne huu, kwenye kampuni ya uwindaji wa kitalii upande wa kusini. Alianza kwa kufuata nyayo, akawa mbeba bunduki, na sasa anajiandaa kufanya mtihani wa mwindaji bingwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Habari za huko?"

"Njema. Mjomba, nimeambiwa nichague bunduki nitakayofanyia kazi msimu huu. Zipo mbili. Moja ni .458 Winchester Magnum, ile ya kawaida. Nyingine ni .458 Lott, ndiyo iliyoboreshwa. Wenzangu wote wanasema nichukue Lott. Wewe wasemaje?"

Kwetu Wadigo, mjomba akiulizwa jambo linalogusa maisha ya mwana wa dadake hajibu akitembea. Nilimwambia anipe siku tatu. Niliyomjibu nayaandika hapa, kwa sababu si yeye peke yake. Vijana wengi wa Lungalunga, Kinango na Kwale wanafanya kazi za wanyamapori, wengine kama askari upande huu, wengine kwenye vitalu vya uwindaji upande wa pili wa mpaka. Na sisi tulio na mashamba kando ya Shimba Hills tunasikia bunduki usiku ndovu wakiingia mahindini, na kila mara husikika mtu barazani akisema kwamba dawa ni kuwapa askari risasi kubwa zaidi.

Niweke wazi kabla sijaendelea. Nchini Kenya uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikuurudisha. Anayesoma haya asidhani namfundisha kuingia msituni. Tanzania uwindaji unaruhusiwa kwa leseni, katika vitalu maalumu, na kwa wanyama hatari kama nyati, simba na ndovu sheria yao inadai bunduki isiyopungua kaliba ya .375. Huko ndiko swali la mpwa wangu liliko.

Kuboresha risasi maana yake nini?

Watu wengi wakisema risasi hufikiria kile kichwa kinachoruka. Lakini risasi nzima ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba. Ndani ya ganda mna baruti. Kitakoni kuna fataki, ambayo hupigwa na sindano ya bunduki na kuwasha baruti. Mbele kuna kichwa chenyewe cha risasi. Baruti ikiwaka hugeuka gesi, gesi hutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni mtutuni tu, ikikisukuma kichwa mbele yake.

Kwa hiyo anayetaka mwendo mkubwa zaidi bila kubadilisha kichwa, jambo la kwanza analofikiria ni kupata nafasi ya baruti zaidi. Njia zinazojulikana ni mbili. Ya kwanza ni kulipanua ganda lile lile: kuta zake zinanyooshwa na mabega yake yanakuwa makali, na urefu unabaki vile vile. Fundi mmoja wa Marekani, P. O. Ackley, alijulikana sana kwa kazi hiyo, na ndiyo maana risasi nyingi za aina hiyo zina jina lake hadi leo. Ya pili ni kulirefusha ganda, na ndivyo ilivyofanyika kwa .458.

Jambo ambalo muuza bunduki hatakwambia ni kwamba baruti na mwendo havipandi sawasawa. Mafundi wana kipimo chao cha kukadiria: ukiongeza nafasi ya baruti kwa asilimia 10, na msukumo ndani ya bunduki ukabaki ule ule, mwendo hupanda kwa kama asilimia 2 na nusu tu. Kwa hiyo risasi nyingi zinazoitwa zilizoboreshwa hukupa faida ndogo. Kwa mtu anayewinda swala, faida hiyo ni ya kujisifia kibarazani. Swala hatatambua tofauti.

Lakini .458 ina kisa chake, na kisa hicho ndicho kilichonifanya nimwombe kijana siku tatu.

Kisa cha .458 ya kawaida

Kampuni ya Winchester ya Marekani iliitoa .458 Winchester Magnum mwaka 1956. Kabla ya hapo, aliyetaka kusimama mbele ya ndovu alihitaji bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili, ghali sana, au bunduki ya komeo yenye mwili mrefu ambayo nayo haikuwa rahisi kupatikana. Winchester walitaka kutoa nguvu zile zile kwenye bunduki ya kawaida ya komeo ambayo askari au mkulima angeweza kuinunua. Basi wakatengeneza ganda fupi, milimita 63.5, wakalitia kichwa kizito cha greni 500, yaani zaidi kidogo ya gramu 32, na wakaahidi mwendo wa mita 650 hivi kwa sekunde.

Ilipokelewa vizuri. Viwanda vya Uingereza vilipopunguza kutengeneza risasi kubwa za zamani katika miaka ya 1960, .458 ndiyo iliyojaza pengo. Idara za wanyamapori za nchi nyingi za Afrika ziliichukua, na wawindaji pia.

Taabu ilikuwa kwenye ule ufupi. Ili kufikia mwendo ulioahidiwa, baruti ilibidi ishindiliwe ndani ya ganda kama unga kwenye gunia. Baruti iliyoshindiliwa hivyo, ikikaa miaka na joto, ilikuwa ikigandamana. Fataki ikipigwa, haiwaki yote kwa pamoja. Tena ule mwendo wa mita 650 ulipimwa kwa mtutu mrefu. Bunduki nyingi zilizofika porini zilikuwa na mitutu mifupi zaidi, na walioleta vipima mwendo wakakuta risasi zinatoka chini ya mita 600 kwa sekunde, nyingine chini zaidi ya hapo.

Kwa hesabu za nguvu, kichwa cha gramu 32 kwenye mita 650 kina kama jouli 6,800. Kwenye mita 594 kimeshuka hadi kama jouli 5,700. Jouli 1,100 zimepotea, na mwenye bunduki hajui.

Nilivyolijua jambo hili

Mimi nilishika bunduki ya kazi miaka kumi na moja, nikiwa kijana, na bunduki tuliyopewa ilikuwa .458 ya kawaida. Usiku mmoja upande wa Kinango tuliitwa kwa ndovu dume aliyekuwa amevunja ghala la mahindi mara tatu wiki hiyo. Mwenzangu alikuwa mpigaji mzuri kuliko mimi. Alisogea hadi hatua ishirini na tano, akatulia, akapiga.

Bunduki haikulia kama ilivyozoea kulia. Ulitoka mshindo mzito, wa chini, kama mtu aliyedondosha gunia la nazi. Ndovu alitikisa kichwa, akageuka, akaingia kichakani. Risasi ilikuwa imegonga pale ilipotakiwa kugonga, na haikufika ilipotakiwa kufika.

Tulimfuata siku mbili. Ndovu aliyejeruhiwa karibu na visima vya watu si ndovu tena, ni maafa yanayotembea. Tulizunguka vijiji tukiwaambia kina mama wasiende mtoni, watoto wasichunge. Siku ya pili alasiri tulimkuta, na mwenzangu akavunjika mkono kabla ya kumalizika shughuli. Alishukuru Mungu kwamba ulikuwa mkono tu.

Tuliporudi tulilitazama lile boksi la risasi. Lilikuwa limekaa miaka mingi stoo, chini ya mabati, kwenye joto lile lile linaloyeyusha mishumaa. Tulitoa risasi tano za boksi hilo, tukaenda kuzipiga kwenye shina la mbuyu. Tatu zililia vizuri. Mbili zikatoa ule mshindo wa gunia.

Hapo nilijifunza kwamba bunduki ni moja na jina la risasi ni moja, lakini kila boksi lina habari yake.

Lott alivyoirefusha

Jack Lott alikuwa mwindaji na mwandishi Mmarekani. Huko Msumbiji alijeruhiwa vibaya na nyati ambaye risasi zake za .458 hazikumwangusha. Alipopona alianza kutafuta risasi yenye nguvu zaidi, na mwaka 1971 akapata jibu ambalo leo linaonekana rahisi. Alichukua ganda refu la ukoo wa .375 Holland & Holland, risasi ya London ya mwaka 1912 inayojulikana Afrika nzima, akalitanua mdomo lipokee kichwa cha .458. Ganda la Lott lina milimita 71. Ni milimita saba na nusu tu zaidi ya lile la Winchester, upana wa penseli, lakini baruti ikapata pa kupumulia.

Matokeo ni kichwa kile kile cha gramu 32, kwenye mita 700 kwa sekunde, na nguvu kama jouli 7,900, bila kushindilia baruti kupita kiasi. Kwa miaka mingi ilikuwa risasi ya mafundi waliojitengenezea wenyewe. Mwaka 2002 kampuni ya Hornady ilianza kuitoa kiwandani, na tangu hapo bunduki zake zikaenea.

Ina jambo jingine zuri. Magandaya aina hii yana mkanda wa shaba uliovimba karibu na kitako. Mkanda huo ndio unaoizuia risasi isizame ndani ya chumba cha bunduki, na Winchester na Lott mikanda yao ni sawa. Kwa hiyo bunduki ya Lott inaweza kupiga risasi ya Winchester bila hatari. Kinyume chake hakiwezekani: risasi ya Lott ni ndefu, haiingii kwenye chumba cha Winchester, na asijaribu mtu kuilazimisha.

Ukisikia hadi hapo utasema jambo limekwisha, achukue Lott. Wenzake wamesema hivyo hivyo. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda chenyewe ndicho nilichotaka akitazame.

Bei ya kuboresha

Kwanza ni teke. Bunduki mbili za uzito mmoja, moja ya Winchester na moja ya Lott, ile ya Lott hupiga teke kwa nguvu iliyozidi kama moja ya tano. Na hiyo ya Winchester yenyewe si ya mchezo. Mtu anayeogopa bunduki yake hufumba macho kabla haijalia na hukaza bega. Risasi huenda juu au pembeni. Sijapata kuona jouli 1,000 za ziada zikimsaidia aliyemkosa nyati.

Pili ni risasi ya pili. Nyati anayekujia akiwa mita 30 anakufikia kabla ya sekunde tatu kwisha. Ukipiga ya kwanza ukayumba, mtutu ukaenda angani, utauteremsha saa ngapi, uvute komeo na kulenga tena? Anayeimudu bunduki ndogo kidogo akapiga mara mbili ana nafasi kubwa kuliko aliyepiga mara moja kwa kishindo.

Tatu ni upatikanaji. Lott inataka bunduki yenye mwili mrefu na kasha refu la risasi. Risasi zake haziko kila duka, na zikiisha kambini katikati ya msimu hutazipata kwa jirani. Yale maneno kwamba waweza kuazima za Winchester ni kweli kwa dharura. Lakini risasi fupi ndani ya kasha refu huweza kukwama wakati wa kuingia, na ukikwama mbele ya nyati hakuna wa kumlalamikia.

Nne ni karatasi. Wapo mafundi wanaoweza kuchonga chumba cha bunduki ya Winchester kikawa cha Lott. Kufanya hivyo ni kubadilisha kaliba ya silaha, na leseni inataja silaha uliyopewa. Usimruhusu fundi aguse kabla ofisi inayotoa leseni haijajua.

Na la mwisho, ile taabu ya zamani ya baruti kugandamana imerekebishwa kwa sehemu kubwa. Viwanda vilibadilisha baruti. Risasi mpya za .458 Winchester, zilizohifadhiwa vizuri, si zile zilizotuaibisha sisi. Mtu anayeikataa Winchester kwa sababu ya sifa mbaya ya miaka ya 1960 anahukumu mjukuu kwa kosa la babu.

Wawindaji wawili wa zamani

Nilimkumbusha mpwa wangu habari za watu wawili, mmoja wa mbali na mmoja wa kwetu.

Wa mbali ni Walter Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, hata akaitwa Karamojo Bell. Aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa risasi ya milimita 7 ambayo kichwa chake kina gramu 11 hivi, thuluthi moja ya kichwa cha .458. Simsifu kwa idadi ya aliowaua, maana pengo lao tunaliona leo. Nataja ujuzi wake. Alisoma fuvu la ndovu akajua ubongo uko wapi kutoka kila upande, na alitumia risasi ngumu isiyopasuka njiani. Siku hizi sheria haiwezi kumruhusu mtu aige jambo hilo, na vyema, kwa sababu Bell walikuwa wachache na waliojidhania Bell walizikwa.

Wa kwetu ni Waata, ambao wengine waliwaita Waliangulo, waliowinda nyika ya nyuma ya pwani hii hadi Tsavo. Upinde wao ulikuwa mzito sana kuuvuta, na mshale ulipakwa sumu ya msunguti. Hawakushindana na fuvu la ndovu. Walinyemelea hadi karibu kabisa, wakalenga mahali laini ubavuni na tumboni, mshale ukazama, sumu ikafanya kazi. Sumu nayo walitaka iwe mbichi, kwa sababu mwindaji aliyepaka sumu iliyochakaa alijua atamfuata mnyama hadi kesho kutwa. Babu yule wa Kiata asiyejua jouli ni kitu gani alijua jambo lile lile tulilolijua sisi chini ya mbuyu: silaha ni nzuri kwa kadiri ya kilichomo ndani yake siku hiyo.

Maswali niliyomuuliza

Siku ya tatu nilimpigia. Sikumwambia chagua hii. Nilimuuliza.

"Risasi za Lott mnazo ngapi kambini?"

"Boksi moja, mjomba. Ishirini."

"Nyingine zinakuja lini?"

"Wameagiza. Hawajui."

"Na za Winchester?"

"Zipo nyingi. Zimeletwa mwaka huu."

"Wewe umepiga .458 mara ngapi katika maisha yako?"

Akanyamaza kidogo. "Kama kumi hivi. Zote nimekaa kwenye benchi."

"Basi chukua Winchester," nikamwambia.

Akaniuliza kwa nini asichukue ile ya Lott akaipigia risasi za Winchester za kufanyia mazoezi, kisha akaweka zile ishirini kwa siku ya kazi. Ni swali zuri na nilifurahi kwamba amelifikiria. Nikamjibu kwamba atakuwa amezoea teke moja na kwenda vitani na jingine, na darubini au shabaha iliyorekebishwa kwa risasi moja haielekei pale pale kwa nyingine. Ishirini hazitoshi hata kuirekebisha shabaha, kujaribu kila risasi kama inaingia vizuri, na kubakisha za kazi. Zikija boksi kumi, na bega lake likiwa limezoea, tutazungumza tena. Kwa mtu anayenunua bunduki mpya kwa pesa zake, mwenye uzoefu na mwenye uhakika wa kupata risasi, Lott ni chaguo bora na ningemwambia bila kusita. Mpwa wangu bado hajafika hapo.

Halafu nikampa kazi nne za kufanya kabla ya msimu.

Ya kwanza, atoe risasi tatu katika kila boksi na kuzipiga, akisikiliza mshindo. Kambi ikiwa na kipima mwendo, azipime. Boksi lenye risasi inayopishana sana na wenzake halifai kumwendea nyati. Lirudishwe kwa mtunza silaha, lisiachwe kwenye rafu.

Ya pili, risasi zote atakazobeba zipitishwe kwenye kasha na komeo mahali salama, mtutu ukielekezwa kwenye tuta la mchanga. Iliyobonyea au inayokwaruza iondolewe.

Ya tatu, apige angalau sitini akiwa amesimama, kwa mwendo wa watu wa kazi, si kwa benchi. Aanze kwa mbili tatu kwa siku ili bega na moyo vizoee pamoja. Akianza kufumba macho, aache siku hiyo.

Ya nne, risasi zake zikae kivulini. Zisiachwe juu ya dashibodi ya Land Cruiser wala kwenye stoo ya mabati. Apange za zamani mbele zitumike kwanza mazoezini, na mpya nyuma. Duka la unga hufanya hivyo, sembuse silaha.

Nikamkumbusha pia kichwa cha risasi. Laini hupanuka ikigonga, nayo inafaa kwa simba na kwa nyati aliyekaa ubavu. Ngumu hupita moja kwa moja, nayo ndiyo ya ndovu, na ndiyo ya nyati anayekuja uso kwa uso au anayekimbia akikupa mgongo. Aliyebeba laini mahali pa ngumu hata akiwa na Lott atabaki anashangaa.

Na sisi huku Shimba Hills

Nirudi kwenye lile neno la barazani, kwamba askari wapewe risasi kubwa zaidi. Tunaokaa Lukore, Mkongani, Majimboni na Kizibe tunajua uchungu wake. Mtu amelima miezi minne, ndovu anamaliza kwa usiku mmoja. Sheria ya 2013 imeweka fidia, shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama, na malipo ya mazao kulingana na bei ya soko, lakini anayelala na njaa leo hawezi kula fomu.

Hata hivyo naomba tusidanganyane. Kazi kubwa ya bunduki usiku shambani ni mshindo wa kumfukuza ndovu, na kwa mshindo risasi ya kawaida inatosha. Ikifika pale ambapo lazima mnyama auawe, kinachowalinda wanakijiji ni askari aliyefanya mazoezi mwezi huu, mwenye risasi zilizojaribiwa, aliyefika kabla ndovu hajachanganyikiwa na kelele za watu mia. Ukimpa Lott askari ambaye hajapiga risasi mwaka mzima, umempa teke kubwa zaidi na sisi umetuachia ndovu aliyejeruhiwa. Tukienda kwenye baraza la chifu tuulize mambo hayo: askari wa karibu yuko umbali gani, gari lina mafuta, na mara ya mwisho walienda shabaha lini.

Mama yake kijana, dada yangu, alikuwa ameketi pembeni siku ile nikizungumza na simu. Hajui Winchester wala Lott. Nilipomaliza aliniuliza neno moja tu: "Ile uliyomwambia achukue, ndiyo yenye nguvu?"

Nikamwambia hapana, nguvu ni za ile nyingine. Hii ndiyo anayoijua.

Akasema, "Basi hiyo hiyo," akaendelea kukuna nazi.

Juzi kijana amenitumia picha ya karatasi ya shabaha. Risasi tano, mita 25, amesimama, zote zinafunikwa na kiganja. Ameandika chini kwamba boksi moja walilokuwa wakilitegemea wamelirudisha stoo ya silaha, kwa sababu risasi mbili kati ya tatu zililia kama gunia la nazi.